Mkoba wa Kufuli Tatu

Ndugu zangu, ninyi mlioketi karibu na mlango sogeeni mbele kidogo, leo sitaki kusema na viti vitupu. Nataka kuwapa habari ya mkoba.

Usharika mmoja, huko milimani ambako mvua ikianza haimuulizi mtu ana safari gani, ulipata kishikwambi cha kusomea. Msianze kutazamana, si usharika wetu. Kilikuwa kifaa chembamba, ukubwa wa daftari la shule, na ndani yake yamo Maandiko yote, nyimbo zote na masomo ya mwaka mzima. Tena herufi zake unazikuza kwa vidole viwili mpaka neno moja linajaza kioo. Wakaamua akitumie mwinjilisti wao, maana ndiye anayezunguka kwa miguu kuwasomea wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani.

Sasa nawauliza, kwa matope yale na mvua ile, kifaa kama hicho utakibeba mkononi? Haiwezekani. Walihitaji mkoba wa maana, na hapo nawasifu, walifikiri vizuri. Wazee wa kanisa wakamtuma mwinjilisti kwa fundi wa ngozi pale sokoni.

Fundi yule alikuwa anaijua kazi yake. Akachagua ngozi ya ng'ombe, ndani akatandika kipande cha blanketi, juu akaweka kifuniko kirefu cha kuzuia maji. Kisha akauliza, "Mtumishi, kifungo nikiweke upande gani? Unatumia mkono upi?"

Mwinjilisti akajibu, "Usiweke kifungo. Wazee wamesema uweke pete tatu za kufuli."

"Tatu? Kwani mnabeba nini humo?"

"Kitabu."

Fundi akaweka pete tatu, maana mwenye mali kaagiza.

Kwa nini tatu? Mnajua ninyi, msijifanye hamjui. Sanduku la sadaka lina kufuli tatu, na wazee watatu kila mmoja na ufunguo wake. Hakuna anayechomeka ufunguo mpaka wote watatu wawe wamesimama pale. Mwenyekiti wao akasimama ibadani akasema, "Utaratibu huu umetulinda tangu enzi za babu zetu, na kitabu hiki tutakilinda hivyo hivyo." Watu wakapiga makofi. Mimi ningekuwepo ningepiga makofi pia, nasema kweli, maana lilionekana ni jambo la busara.

Katika usharika ule alikuwako bibi mmoja, Bibi Subilaga, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya mto. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Jicho moja lilishazima, na la pili daktari alimwambia halitamaliza mwezi. Miaka kumi na mmoja alikuwa hajasoma kitu mwenyewe, kila kitu anasomewa. Aliposikia habari ya herufi zinazokuzwa akatuma ujumbe: "Nileteeni nione mstari wangu wa kipaimara kwa jicho langu, kabla ukungu haujafunga." Hilo tu. Hakuomba chakula, hakuomba blanketi.

Wakapanga siku ya Alhamisi. Mwinjilisti akavaa mkoba begani, wazee wawili wakamfuata na funguo zao, na mzee wa tatu akaahidi kuwakuta huko huko. Mvua iliwanyeshea njia nzima. Walipofika wakaupangusa mkoba, wakapapasa ndani ya kifuniko, pakavu kabisa. Wakafurahi. Bibi akawekewa kigoda karibu na dirisha, akajifuta jicho lake kwa upindo wa kanga, akangoja.

Wakangoja naye. Saa nzima. Kisha simu ikalia. Ni mzee wa tatu. Ameenda mjini kwenye harusi ya mpwa wake, alisahau, na ufunguo anao mfukoni. "Nitarudi wiki ijayo," akasema, "mwambieni bibi avumilie."

Avumilie. Bibi akasema taratibu, "Leo asubuhi nimeshindwa kuuona mwiko, nao ulikuwa mbele yangu."

Wale wazee wawili wakainama, kila mmoja anautazama ufunguo wake. Kitabu kiko hapo, kwenye mapaja ya mwinjilisti. Umbali gani kutoka kwa bibi? Hata hatua moja haifiki. Bibi akanyoosha mkono, akaipapasa ile ngozi, akasema, "Mkoba mzuri. Mwanangu, pale kwenye ungo kuna kisu changu cha kumenyea ndizi. Kilete."

Mwinjilisti akashtuka. "Bibi, huu ni mkoba wa usharika."

"Na mimi ni wa nani?"

Ndugu zangu, ninyi mngemjibu nini?

Mwinjilisti akachukua kisu. Akauchana mkoba ule ubavuni, kutoka juu mpaka chini, akakitoa kishikwambi. Akakuza herufi mpaka zikamtosha bibi. Bibi akaweka kidole, akasoma mstari wake neno kwa neno, polepole, kwa sauti. Akarudia. Halafu akasema, "Huu unaofuata sijawahi kuusoma. Katekista aliyetufundisha kipaimara aliishia hapo hapo. Sogeza." Akasoma na huo, na mwingine, mpaka mvua ikakatika na jicho likachoka. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na wazee wale wawili nao walilia.

Jumapili kikao kikaitwa. Mwinjilisti ameharibu mali ya usharika. Mzee wa tatu amerudi, amesimama na ufunguo wake mkononi, yuko tayari sasa. Mwenyekiti akauchukua mkoba, akaugeuza huku na huku, akaona kufuli zote tatu ziko salama na ubavu uko wazi. Akasema, "Mrudishieni fundi. Hapo palipochanwa aweke kifungo."

Na kifungo kikawekwa. Bibi Subilaga mwenyewe alikitoa kwenye gauni lake. Mwezi ule haukuisha kabla jicho lake halijafunga, ila alikuwa ameshasoma. Mkoba ungali unatembea milimani, hauingizi maji, na kitabu kinaingia na kutoka kwa kile kifungo kila siku. Zile kufuli tatu mpaka leo hazijafunguliwa, na hakuna aliyezihitaji.

Sasa tuje kwetu. Mungu hakukataza mkoba. Mvua ipo, wezi wapo, tunza ulichopewa. Lakini sisi tumetunza vingi mpaka vimetunzwa visimfikie mwenye kuvihitaji. Msamaha tunao, tumeufunga mpaka fulani aje kwanza kuomba radhi. Faraja tunayo, tunangoja kamati ikae. Na kuna mtu amekaa dirishani, amejifuta jicho, anangoja.

Mwenye ufunguo wa tatu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa harusini tu. Basi kabla hujatoka kwenye mlango huo leo, tia mkono mfukoni mwako. Una ufunguo wa nani?