Viti Vyekundu vya Ambakisye

Alikuwako mtu mwenye basi moja, jina lake Ambakisye, naye aliliendesha mwenyewe kutoka vijiji vya mlimani hadi mjini. Basi lilikuwa na viti thelathini, na hakuna kilichokuwa na mwenyewe. Mzee akitia mguu mlangoni, watu watatu waliinuka pamoja, wakagombania heshima ya kumpisha. Mtoto wa mtu yeyote alipakatwa na mtu yeyote. Aliyeingia alisalimu, na basi zima likaitikia. Hakuna aliyefundishwa hayo humo ndani. Watu walikuja nayo kutoka nyumbani, kama walivyokuja na vikapu vyao.

Siku moja kijana mmoja hakuinuka. Mzee akasimama mbele yake hadi mjini, na kijana akatazama dirishani. Abiria walikasirika, lakini hawakumwambia kijana neno. Walimwendea Ambakisye. Naye pia hakumwambia kijana neno. Alimwita mchoraji, kiti kimoja kikapakwa rangi nyekundu, na juu yake yakaandikwa maneno: KITI CHA WAZEE.

Watu wakamsifu. Walisema, sasa tumepata utaratibu.

Tangu siku hiyo mzee wa kwanza aliketi, na mzee wa pili akasimama. Waliokuwa wakiinuka zamani hawakuinuka tena, wala hawakuona haya, maana macho yao yalikwenda kwanza kwenye rangi. Mzee ana kiti chake. Kama kimejaa, basi, bahati yake. Ambakisye akapaka cha pili. Wale wa viti ishirini na vinane wakastarehe zaidi. Akapaka kimoja cha wajawazito, na kondakta akageuka hakimu: "Dada, hiyo ni mimba au ni ugali? Miezi mingapi?" Akapaka cha wenye watoto, na tangu hapo hakuna mtoto aliyepakatwa na mgeni. Rangi ilivyoongezeka ndivyo heshima ilivyopungua, na heshima ilipopungua watu walidai rangi zaidi.

Kisha mama yake Ambakisye, Bi Atuganile, akapangiwa siku ya kupasuliwa macho katika hospitali ya mjini. Alikuwa ameingoja siku hiyo mwaka mzima, na aliambiwa awe amefika kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi yake angepewa mwingine. Akapanda basi la mwanawe asubuhi, akipapasa njia kwa mikono. Viti vyekundu vilikuwa vimejaa. Akashika chuma, akasimama. Kona ya kwanza ikamtupa huku, ya pili ikamtupa kule. Ambakisye akamwona katika kioo, akasimamisha basi.

"Jamani," akasema, "hakuna wa kumpisha mama yangu?"

Hakuna aliyemtukana. Bwana mmoja mwenye shati safi alimjibu kwa upole kabisa: "Mzee, vya wazee ulivipaka mwenyewe. Hiki nilichokalia hakina rangi."

Aliyejaribu kuinuka ni babu mmoja tu, wa kiti chekundu, na magoti yakamkatalia.

Maandishi yalikuwa ya Ambakisye mwenyewe. Akazima injini. Akamshika mama yake mkono, akamketisha kwenye kiti pekee alichobaki na uwezo wa kukitoa, kiti cha dereva. Yeye akasimama kando yake.

Abiria wakaanza kelele. "Dereva, tunachelewa!" "Tuna shughuli zetu, bwana!" "Bibi, hebu mwachie mwanao usukani!" Wakapiga ubavu wa basi kwa viganja. Wakalaumu barabara, wakailaumu serikali, wakawalaumu vijana wa siku hizi. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Saa sita ya Bi Atuganile ikawa inakuja mbio, naye ameshika usukani asioweza kuuona, na kila mmoja bado alikuwa amekaa, akidai kwa sauti kubwa kwamba safari iendelee.

Enyi mlioketi humo, mnaotamani sana kufika: mnamngoja nani asimame?