Kunguru Waliogoma Kula Wali wa Babu

Nyie mnaojiita wajanja, kaeni hapo msikie. Babu Namdev wa Maharashtra, kule India, alikufa akaacha nyumba moja. Dagdu, mwanawe mkubwa mwenye kitambi na matrekta, akamwambia Sulabha, binti wa marehemu mdogo wake: "Nyumba yote yangu. Wewe na mama yako tafuteni chumba cha kupanga."

"Sawa, ba'mkubwa. Tumalize matanga kwanza."

Siku ya kumi wakamwekea Babu wali uani. Kwa mila yao, kunguru asipoula, marehemu ana kinyongo, na familia humwahidi mambo mpaka kunguru ale. Kunguru walijaa ukutani, wakaupa wali mgongo.

"Baba, nitalisha kijiji kizima!" Dagdu alipaza sauti.

Kunguru hawakugeuka.

"Nitaacha pombe!"

Kunguru mmoja akajinyea.

Jua likawaka, majirani wakaanza kunong'ona. "Haya, Sulabha achukue nusu ya nyumba! Leteni karatasi!" Dagdu akapayuka. Ikaandikwa, akatia dole gumba.

Nyuma ya ukuta, Sulabha alichungulia, akafunga mfuko wa dagaa aliokuwa akiwarushia kunguru tangu asubuhi. Kunguru wakageuka, wakauvamia wali.

"Umeona? Baba karidhika!" Dagdu alilia kwa furaha.

"Nimeona, ba'mkubwa," alisema Sulabha, akiingia uani huku akijifuta vidole.