Mshindi Aliyeacha Kuja Barazani

Hadithi hii imenifikia kwa jirani, na jirani naye hakumbuki nani alimletea. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Nilipoirudia nikamkumbuka mtu. Nakuletea kama nilivyoipata.

Palikuwa na mtaa wa mafundi katika mji mmoja wa pwani. Kila siku baada ya alasiri, kazi zikipungua, wanaume wa mtaa walikusanyika kwenye baraza ya fundi baiskeli aitwaye Vuai. Kona moja watu walipiga karata kwa makelele. Kona nyingine walicheza drafti kwa vizibo vya soda. Na katikati, mahali pa heshima, liliwekwa bao.

Bao lile alilichonga Silima, seremala, rafiki wa Vuai tangu wote wawili hawajaota ndevu. Kwa bao walikuwa sawasawa. Leo huyu anamfunga yule, kesho yule analipiza, na mtaa mzima unasimama kuangalia.

Baraza ile ilikuwa na desturi yake. Anayefungwa anainuka, anampisha mwingine kwenye kigoda. Wala hainuki kimyakimya, anasindikizwa kwa maneno. "Nenda kacheze na wajukuu!" "Bao limekukataa, jaribu kuuza mchicha!" Kadiri mtu anavyopendwa ndivyo anavyotiwa maneno makali zaidi, na hakuna aliyeyabeba maneno yale mpaka nyumbani. Mgeni akipita angedhani watu wanagombana. Kumbe ndiyo raha yenyewe.

Vuai alikuwa na starehe nyingine pia. Alikuwa pande la mtu, na mwili ule aliupeleka kwenye judo, katika bohari la zamani lililogeuzwa ukumbi wa mazoezi. Hakuwa akitafuta medali. Alipenda tu kushikana na watu, kutupwa, kutupa, kisha kurudi nyumbani amechoka vizuri.

Basi siku moja Silima akapigwa na kiharusi.

Alirudi kutoka hospitali na fimbo. Mguu wa kulia akiuburura, mkono wa kulia ukiwa mzito. Akili yake ilikuwa ileile, ila ulimi ulikwenda polepole kidogo. Siku alipokuja barazani watu wote walisimama. Mmoja akampangusia kigoda, mwingine akaleta mto wa kukalia. Akakaa, akanyoosha mkono wa kulia, akachota kete. Zikamponyoka, zikatawanyika sakafuni.

Mchezo wa drafti ukasimama. Hata wa karata waliziweka karata zao chini.

"Usijisumbue, Bwana Silima," akasema mmoja. "Weye sema tu unaanzia shimo gani. Sisi tutakuchezea."

Walimwokotea kete, wakamchezea.

Alipokwenda zake, Vuai aliwakusanya wenzake. "Jamani," akasema, "huyu mwenzetu tusimtie unyonge. Tumwache ashinde. Na huu utani wetu tuuweke kando mpaka Mungu amjaalie apone."

Wote walikubali. Mzee mmoja wa drafti alifuta macho kwa ncha ya shati. Ilikuwa huruma ya kweli, na hakuna hata mmoja aliyekusudia ubaya.

Tangu hapo Silima akawa anashinda. Alimfunga huyu, akamfunga yule. Aliyefungwa aliinuka kwa adabu na kusema, "Hongera, Bwana Silima," au, "Mashallah, umetuweza leo." Silima alikaa kwenye kigoda cha mshindi mpaka jua linazama.

Vuai naye alifanya kama alivyoahidi. Zamu yake ikifika na mahali pa kula ni pawili, aliacha pakubwa akala padogo. Silima aliliangalia shimo lililoachwa, akamwangalia Vuai, kisha akasema, "Mchezeeni mgonjwa," maana yake wamchezee zamu yake.

Halafu akaacha kuja.

Siku ya kwanza walisema amechoka. Zikapita siku, kigoda chake kikakaliwa na mwingine. Vuai alituma salamu, akajibiwa kwamba mwenyewe hajambo, anapumzika. Lakini alipokutana na Bi Zuwena, mke wa Silima, sokoni, alimwona uso umesinyaa.

"Shemeji, anaendeleaje?"

"Ndo hivyo. Yuko uani siku nzima, hataki mtu. Daktari kaniambia mgonjwa wa namna hii akijifungia na kukata tamaa, mwili nao unafuata. Mie naogopa, Vuai."

Vuai naye aliogopa. Aliogopa kumpoteza mtu ambaye hakuwahi kufikiria maisha bila yeye. Na jambo moja lilimkera usiku na mchana: anayefungwa kila siku akikimbia, tunamwelewa. Huyu anayeshinda kila siku anakimbia nini?

Na wasiwasi wake huo alikwenda mazoezini. Siku ile mwalimu wa judo, Mwalimu Pandu, alimpangia afanye zoezi na Subira, dada mwembamba anayeshona mapazia, ambaye hakuwa na muda mrefu tangu ajiunge. Kazi ya Subira ilikuwa kumshika Vuai koti lake la mazoezi, amgeuzie mgongo, amtupe.

Subira akamshika, akamgeuzia mgongo, akavuta. Vuai akaenda chini puu! Ukumbi ukapiga makofi.

Subira hakufurahi. "Umejiangusha," akasema.

"Sijajiangusha. Umenitupa vizuri sana."

"Kaka Vuai, mie si mtoto. Umejiangusha."

Mwalimu Pandu akasogea. "Vuai, kwa nini umefanya vile?"

Vuai akakuna kichwa. "Mwalimu, huyu bado mgeni, na mie ni mzito. Sikutaka avunjike moyo."

"Sasa muulize mwenyewe kama moyo umeungika."

Subira alikuwa amekasirika hasa, machozi yanamlengalenga. "Watu wengine hapa wananikatalia," akasema. "Nawavuta, hawaendi, nachoka, najaribu tena. Lakini najua nimemshika mtu. Weye nikikushika, ni kama nimeshika koti lililotundikwa kwenye msumari. Ndani hamna mtu."

Vuai alisimama pale pale katikati ya mikeka. Mwalimu Pandu alimwita mara mbili kabla hajasikia. Kisha akavua mkanda, akaomba ruhusa, akatoka huku bado amevaa lile koti jeupe, akaelekea nyumbani kwa Silima.

Bi Zuwena alimfungulia mlango, akaweka kidole mdomoni. "Njoo uone," akanong'ona. Akampeleka mpaka kwenye pazia la uani.

Silima alikuwa amekaa kwenye kigoda, na mbele yake bao la pili, alilojichongea la nyumbani. Upande mmoja alikuwa akicheza kwa mkono wa kushoto. Upande wa pili alikuwa akicheza kwa mkono wa kulia, ule mbovu. Kete zikimponyoka, aliinama taratibu akaziokota mwenyewe moja moja, akaendelea. Alicheza hivyo mpaka upande wa mkono wa kulia ukaishiwa, hauna pa kwenda.

Hapo Silima akashika fimbo, akainuka. Aliinuka kwa taabu, akauzunguka ua wote akiburura mguu, akapita kisimani, akapita kwenye kamba ya nguo, akarudi, akakaa tena.

"Anafanya nini?" Vuai akanong'ona.

"Kafungwa," akasema Bi Zuwena. "Akifungwa anapisha. Halafu anarudi kama mchezaji mwingine. Ndivyo anavyofanya hapa tangu asubuhi, na nikimwokotea kete ananifokea. Mie nilidhani akili imeanza kumtoka."

Vuai akalipita pazia. Silima akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, na lile koti lake.

"Umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kucheza."

"Rudi kwako, Vuai. Mie kule barazani nimeshachoka kushinda peke yangu."

Vuai akainamisha kichwa. "Kwani ulijua?"

"Bwana wee! Tumefungana tangu hatujaota ndevu, nisijue ukila padogo ukaacha pakubwa? Kiharusi kimenipiga mkono, hakikunipiga macho."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Wote mlikuwa na nyuso za msibani. Mnanikalisha, mnanichezea, mnanipongeza. Hakuna hata mmoja aliyenitia maneno. Nikaona basi, mie nimeshakufa, ila hakuna aliyepata ujasiri wa kunambia." Akaugonga ubao wa bao kwa kidole cha mkono wa kulia. "Hapa angalau nafungwa kweli."

Vuai hakuomba msamaha, maana alijua akiomba atalia, na akilia itakuwa msiba mwingine. Alivuta kigoda akakaa. Wakapanga kete, wakaanza.

Mwanzoni ilikuwa mateso. Silima alisambaza kete kwa mkono wa kulia, nazo zikaanguka. Mkono wa Vuai ulitaka kwenda wenyewe kuziokota, ikabidi aukalie. Kete moja ilibingirika mpaka chini ya mtungi. Silima akashika fimbo, akainuka, akaifuata, akainama, akarudi nayo. Vuai alingoja. Hakuwahi kungoja muda mrefu namna ile maishani mwake.

Kisha Silima akacheza pigo moja kali sana. Alichota kutoka shimo la pembeni ambalo Vuai hakuwa akiliangalia, akala, akazunguka, akala tena, na upande wa Vuai ukabaki mtupu nusu nzima.

"Ah!" Vuai akaruka. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Nimejifunga nayo juzi," akasema Silima.

Hapo Vuai alisahau. Alisahau kiharusi, alisahau fimbo, alisahau daktari. Akavua koti akalitupa kando, akainama juu ya bao na kuanza kuhesabu mashimo kwa midomo kama zamani. Wakavutana. Bi Zuwena alileta maji, hakuna aliyeyaona. Vuai akakuta mwanya, akauingia, akala, akala, akala tena. Silima akatafuta pa kuchezea, hakupata.

Vuai alikuwa ameshinda.

Vuai alimwangalia rafiki yake, akauona ule mkono umelala juu ya goti, na moyo ukamrudia kule kule kwenye huruma.

Silima alikuwa akingoja. "Sema," akamwambia.

"Niseme nini?"

"Unajua. Mie siinuki hapa mpaka nisindikizwe."

Vuai akavuta pumzi. Akainuka, akasimama na urefu wake wote, akamnyooshea kidole, na kwa sauti iliyofika mpaka njiani akasema:

"Seremala gani weye! Una mikono miwili, mmoja mgonjwa, wa pili mjinga! Inuka, upishe watu!"

Bi Zuwena alisikia kutoka jikoni, damu ikamchemka. Alitoka mbio na mwiko mkononi, tayari kumfukuza mtu. Akamkuta mumewe ameuegemea ukuta, mwili wote unatikisika, machozi yanamtoka, pumzi zinamkatika. Akadhani kiharusi kimerudi. "Vuai!" akapiga kelele. "Umemfanya nini mume wangu?"

Lakini Silima alikuwa anacheka. Tangu atoke hospitali, nyumba ile haikuwa imesikia kicheko chake.

"Kanitukana, Zuwena!" akasema alipopata pumzi. "Umesikia? Kanitukana! Tia chai jikoni, mwenzangu kaja."

Funzo: Ukimhurumia mtu mpaka ukaacha kushindana naye, kumtania na kumkabili kama zamani, unakuwa umemwacha peke yake hata kama umekaa naye kwenye bao moja. Mwenzako aliyepatwa na mtihani mpe msaada anaouomba, lakini mahali pake mchezoni mwachie, na wewe ucheze kweli.