Bakuli Lenye Ua Dogo

Wapendwa, leo tumekuja kushukuru, nami nimepewa dakika chache. Nitazitumia kwa mfano mmoja.

Kulikuwa na kijiji kilichojenga bwawa kwenye mto wao. Maji yalipojaa, watu wakaketi wakubaliane: maji safi ni maji ya namna gani? Mwenye mifugo alisema ni yale ambayo ng'ombe hayakatai. Mwenye bustani alisema ni yoyote yanayolowesha. Ndipo mkunga wa kijiji akatoa kwenye kapu lake bakuli jeupe la bati, lile la kuchotea maji ya kuogeshea watoto wachanga. Chini kabisa, ndani, lilichorwa ua dogo la buluu.

"Tupime kwa hili," akasema. "Ua likionekana, maji ni mazuri. Lisipoonekana, ng'ombe wote watoke bwawani, wanyweshwe kwa ndoo kwenye hori nyuma ya tuta, mpaka lionekane."

Mwenyekiti, mzee mwenye ng'ombe wengi, akacheka. "Mkunga, ng'ombe wangu hawajawahi kuniuliza habari za maua."

"Ni kweli, mwenyekiti. Lakini na wewe hujawahi kunipa ng'ombe nimwogeshe siku aliyozaliwa."

Watu wakacheka, wakakubali. Maji yakakaa vizuri, matumbo ya watoto yakatulia.

Kikaja kiangazi kirefu. Bwawa likapungua, na siku moja ua halikuonekana. Mwenyekiti akafikiria zile ndoo, akafikiria na mgongo wake. Akaenda mnadani, akarudi na bakuli jipya. Lilikuwa na ua jekundu, kubwa kama kiganja.

"Lile la zamani limechakaa," akawaambia watu.

Wakachota. Ua likaonekana. Wakapiga makofi, wakarudi nyumbani na furaha, na ng'ombe wakabaki majini.

Niwaulize, wapendwa: ni nini kilichokuwa kimebadilika? Maji?

Mkunga hakubishana. Alilifuta bakuli lake, akalirudisha kapuni.

Basi, kiangazi hichohicho, binti wa mwenyekiti, aliyekaa miaka mingi bila mtoto, akajifungua salama. Mkunga akatoka mlangoni. "Baba, umepata mjukuu wa kike. Tuletee maji ya kumwogesha."

Yule mzee alikwenda bwawani mwenyewe. Akarudi na ndoo, akajaza lile bakuli jipya. Ua jekundu likaonekana.

"Nimwogeshe?" mkunga akauliza.

Mzee akatazama ua. Akamtazama mtoto.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hebu nipe lile lako."

Akamimina maji kwenye bakuli la zamani, akainama. Chini hakuona kitu, tope tu.

"Huyu haogi maji haya," akasema taratibu. Akamtuma jirani kuomba maji ya mvua yaliyobaki kwenye tangi la kanisa. Yeye mwenyewe akachukua fimbo na ndoo, akaenda kuwatoa ng'ombe wake. Hakungoja kuambiwa.

Na sisi je? Neno la Mungu linapotuonyesha tope letu, hatukimbilii mnadani? Tunasema, mbona wengine wamezidi. Tunasema, siku hizi kila mtu anafanya hivi. Hilo ndilo ua kubwa. Hata kwenye maji machafu linaonekana.

Leo tumeshukuru kwa mavuno, na kwa watoto tuliowabeba hapa. Naomba tushukuru na kwa jambo moja zaidi: Mungu hajatubadilishia bakuli. Angeweza kusema, hawa yanawatosha maji ya ng'ombe. Hakusema. Bado anatutakia maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Asante, Baba, kwa ua lile dogo.

Tukifika nyumbani, kila mmoja achote ya kwake, atazame. Na kama ua halionekani, ndugu yangu, usilaumu bakuli. Kawatoe ng'ombe.