Mdarizi Aliyeitika Mchana Kutwa

Kulikuwa na mama mmoja mdarizi, kule nyanda za juu ambako asubuhi ukifungua mdomo moshi unatoka. Kazi yake ilikuwa kudarizi nembo za shule kwenye masweta. Alikuwa na mashine kuukuu ya darizi, na mashine ile ilipokea michoro kutoka kwenye kompyuta, nayo kuukuu. Vizee viwili vinaelewana, mambo yanakwenda.

Siku moja shemeji yake akaja kusalimia. Akaiona kompyuta, akaicheka, na kwa wema wake akaiwekea mfumo mpya. Nia njema ikiingia jikoni kwa watu bila hodi, ndugu zangu, huvunja vyungu. Kulipokucha, mashine ya darizi ikawa haisikii neno. Lugha iliyoijua ilikuwa ya mfumo wa zamani tu. Na pale mezani kuna rundo la masweta, kesho shule inafunguliwa, na shule ile mtoto mwenye sweta lisilo na nembo anarudishwa getini, baridi au si baridi.

Mama akampigia simu fundi wake.

"Mama, si nilikuachia diski ya mfumo wa zamani? Iweke, zima, washa. Yatatokea maandishi: ukitaka ianzie kwenye diski, bonyeza kitufe chochote. Bonyeza. Ikiuliza kama ifute kilichomo, kubali. Mengine itafanya yenyewe. Nikimaliza hapa nilipo, nakuja."

Sasa, mama huyu alilelewa. Mnanielewa nikisema mtu kalelewa? Kwao mtoto haitwi mara mbili. Maandishi yalipotokea kwenye kioo, akasema kwa sauti, "Abee!" Akabonyeza. Diski ikanguruma, mfumo mpya ukafutwa, wa zamani ukaanza kuingia, mstari kwenye kioo ukajaa polepole mpaka mwisho. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha. Maandishi yaleyale yakatokea.

"Abee!" Akabonyeza.

Ikafuta. Ikaanza upya. Mstari ukajaa, ikajizima, ikajiwasha, ikaita tena. "Abee!" Basi ikawa ndiyo shughuli ya siku. Chai ikapoa, jua likapanda. Mwenzake wa cherehani ya pembeni uvumilivu ukamwisha.

"Dada, hata mumeo humwitikii hivyo."

"Mume wangu anaweza kungoja. Hii nisipoijibu, kesho watoto wa watu wanalia getini. Niache!"

Nawauliza, huyu mama alikuwa mvivu? Alikuwa mkaidi? Nani alikuwa mtiifu kumshinda siku ile? Na mbona hakuna hata sweta moja lililopata nembo? Wewe wa nyuma, utacheka baadaye. Sikiliza kwanza.

Fundi alipoingia, akamkuta ana machozi na hasira, vyote pamoja.

"Chukua diski yako mbovu! Inaniita tangu asubuhi, na kila ikiita nimeitika!"

"Kila ikiita?"

"Kwetu hatukufundishwa kununa."

Fundi akaanza kucheka, akauona uso wa yule mama, akaacha. "Nisamehe, mama. Kosa langu, sikukumalizia maelezo. Ile mara ya kwanza ulifanya sawasawa. Vitu vyote viliingia. Ilipojiwasha, ilitaka kuendelea na kile kilichokwisha kuwekwa ndani. Wewe ukabonyeza, ukairudisha kwenye diski, ikafuta. Mchana kutwa unajenga msingi na kuubomoa."

"Sasa ikiniita tena?"

"Inyamazie."

"Nimeitwa, ninyamaze?"

"Umeshaitika, mama."

Wakaianzisha. Mstari ukajaa. Ikajizima, ikajiwasha, maandishi yakatokea. Mama akaficha mikono kwapani, akauma mdomo. Nukta zikaongezeka mbele ya yale maandishi, moja, nyingine, nyingine, kama mtu anayehesabu kabla ya kuchapa. Maandishi yakatoweka. Kioo kikawa cheusi, naye akasema moyoni: basi, nimeikosea adabu. Kisha rangi zikajaa, na kazi ikasonga mbele, mahali ambapo tangu asubuhi hakuwahi kuiruhusu ifike. Jua lilikuwa bado kwenye bati sindano ilipoanza kugonga sweta la kwanza.

Najua mnachongoja humu kanisani. Mnangoja niseme: ukiitwa, itika, na kwaya isimame iimbe, watu wapite mbele. Sisemi. Kama hujaitika hata siku moja maishani mwako, njoo tuzungumze, hilo ni lako. Lakini sisi wengine! Kuna watu humu nawajua kwa migongo, kwa kuwaona wakipita mbele kila mkutano. Mnalia, mnaombewa, mnaokoka. Wiki ikipinda kidogo, umemfokea mkeo, umesema uongo dukani, unadhani kila kitu kimefutika, unarudi mbele kuokoka upya. Huo mnauita unyenyekevu? Mimi nauita kung'oa mche kila asubuhi kutazama kama umeota mizizi.

Lini tutajenga ukuta, ikiwa kila Jumapili tunachimba msingi? Mungu alipoweka kitu ndani yako, alikiweka kweli. Ukianguka, hakikufutika. Omba radhi, inuka, endelea pale ulipofika. Yule ndugu yako ambaye hamsemezani tangu msiba, hangoji uokoke tena. Anangoja upige hodi kwake.

Kwa hiyo leo hakuna kupita mbele. Kwaya, kaeni. Mlango ule pale, uko wazi, na nje kuna watu wanaotungoja. Tutoke.