Kioo cha Saa ya Chokaani

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, ni zamani ya juzijuzi plastiki ilipokwisha kuingia madukani, mtaa wa Chokaani ulikuwa na saa moja ya mfukoni. Ilikuwa saa ya msikiti, kongwe, ya fedha, na mtunzaji wake alikuwa Mwinyikondo, mpiga ngoma ya futari, mwana wa mpiga ngoma, mjukuu wa mpiga ngoma.

Saa hiyo ilikuwa na tabia mbili. Kwanza, ilikimbia dakika tatu kila siku. Pili, haikurekebishwa kwa kifundo cha pembeni: ilibidi kioo kifunuliwe pamoja na fremu yake, ufunguo mdogo uchomekwe katikati ya uso, mishale irudishwe. Basi kila jua lilipozama, Mwinyikondo alifunua, akachomeka, akairudisha mishale kwenye kumi na mbili. Kila siku kufunua, kila siku kufunika. Kioo cha kwanza kikavunjika. Cha pili kikavunjika. Mwinyikondo akaenda kwa Fundi Shali, fundi saa wa sokoni, akatiliwa plastiki.

Plastiki haikuvunjika. Ilianguka ngazini, haikuvunjika. Mbuzi aliikanyaga, haikuvunjika. Ila ilichubuka, ikageuka manjano, na Mwinyikondo akawa anasoma saa kama anayetafuta nyama ndani ya mchuzi.

Jambo hilo lilimkera Bwana Feruzi, tajiri wa mtaa, ambaye hakuwa na haja ya kujua ni saa ngapi, bali wageni wameona nini. Akasema ni aibu saa ya mababu kuvishwa kandambili. Akaagiza ng'ambo kioo halisi, kinene, cha enzi za saa yenyewe. Kikafika jioni ya mwezi wa Ramadhani kuandama, saa ikiwa imetoka kurekebishwa. Fundi Shali akakipima: kinacheza kwenye fremu, kimepungua kwa unene wa unywele. Bwana Feruzi akaamuru kigandishwe kwa gundi, fremu na saa pamoja, kisidondoke abadani. Fundi alijua ufunguo unapita wapi. Akakitazama kioo, akamtazama tajiri, akagandisha.

Kioo kikang'aa. Watu wakaja kukitazama kila baada ya sala, wengine wakijitazamia meno. Walimpongeza Mwinyikondo, naye aliyezoea kupongezwa siku ya Idi tu, akavimba kifua. Ufunguo ukabaki shingoni, hauna mlango. Alijiambia si neno, atakuwa anapunguza kichwani: kesho tatu, keshokutwa sita, mtondo tisa.

Mkewe, Bi Mwanakheri, akamwambia, "Baba Siwa, saa ya kuhesabiwa kwa vidole, si bora vidole vyenyewe?"

Ramadhani ikaja na mawingu ya masika. Siku saba mtaa haukuona jua. Siku ya saba Bwana Feruzi akaleta wageni watano waione saa. Wakaizunguka barazani pa msikiti. Uji unafuka, tende ziko mikononi, mishale ikagusa kumi na mbili. Mwinyikondo alijua bado dakika ishirini na moja. Alifungua kinywa aseme. Akamsikia Bwana Feruzi akiwaambia wageni kwamba saa hii haijapata kudanganya. Akauona uso wake mwenyewe kwenye kioo, safi, wa heshima. Akafumba kinywa, akapiga ngoma.

Mtaa mzima ukala. Walipofika kwenye kaimati, mawingu yakaachana na jua likachungulia, zima, jekundu, kama mwenyeji aliyekuta wageni wamejipakulia.

Shehe Mahfudhi wa msikiti akaamua palepale: saumu ya siku ile imeharibika, mtaa wote utailipa baada ya Idi. Na kwa kuwa desturi ya Chokaani ni kuipa jina kila siku ya fedheha, ili wajukuu wasisahau, funga hiyo itaitwa kwa jina la mkosaji. Mwinyikondo akaitazama ngoma yake. Vizazi vitatu vya ngoma, na jina litakalobaki ni hilo.

Watatu waliohusika na saa wakatakiwa kujieleza.

Bwana Feruzi akasema, "Mlikuwa mnasoma saa kupitia ganda la ndizi, sita na saba ni mapacha. Mimi nimewapa macho. Na ngoma sikupiga mimi."

Fundi Shali akasema, "Nililetewa kioo kisichotosha na mtu asiyeambilika. Plastiki yangu ilifunuliwa na kufunikwa miaka minne, nani alinisifu? Nimetia gundi niliyoagizwa. Kuhesabu dakika hakukuwa kazi ya gundi."

Mwinyikondo akasema, kwa sauti ndogo, "Nilijua. Sikatai. Lakini mlango wa ufunguo mliuziba ninyi, huyu kwa kiburi, huyu kwa woga. Nami nilikuwa mtu mmoja mbele ya vinywa mia vilivyokwisha kuachama. Nani kati yenu angenisikiliza?"

Bi Mwanakheri, aliyekuja kuchukua sufuria zake, akauliza kama jina la mtaa mzima lingeenea ubaoni. Wanaume wakakohoa.

Basi Shehe Mahfudhi amesimama mbele ya ubao wa msikiti, chaki mkononi. Ameshaandika neno moja, Funga, na sasa anawageukia ninyi mnaosikiliza. Je, aandike Funga ya nani?