Kumikumi na Chumba cha Pili

Kumikumi mwenyewe husimulia, tena kwa kicheko, kwamba siku ile mjinga hakutafutwa mbali: alikuwa amekalia kiti chake, amevaa miwani yake, na vidole vyake kumi vimetimia. Hamsingizii mtu. Husema ujinga ule ulikuwa wake halali, kama meno yake. Nasi tunausimulia kwa sababu wahenga walikwisha kutuonya juu ya mtu aliyeishi mno na kitu duni. Akipewa kilicho bora, hajifunzi kukitumia; hukitafutia kasoro, na mwisho hukiharibu ili kifanane na kile alichokizoea.

Alikuwa mpiga chapa. Wateja walimwita Kumikumi kwa sababu alichapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama kibodi, kishindo chake kama mvua juu ya bati. Kibanda chake kilikuwa na meza mbili, printa iliyokohoa kabla ya kutoa karatasi, na kompyuta ya mezani aliyokaa nayo miaka kumi na minne. Kompyuta hiyo haikuwaka mpaka ipigwe kofi la ubavuni, na kipanya chake kilikuwa kimefungwa kwa utepe kama jeraha. Hata hivyo, aliijua kama mtu anavyoijua njia ya msalani gizani.

Siku moja aliipiga kofi, haikuitika. Akaongeza la pili, ikatoa harufu ya waya ulioungua, ikanyamaza milele. Bintiye, fundi wa eksirei hospitalini, hakusubiri matanga. Alimletea baba yake kompyuta mpakato, nyembamba kama kitabu cha sala, yenye mfumo endeshi wa kisasa kabisa.

"Baba, hii huipigi kofi," alimwambia. "Hii unaigusa tu."

"Mashine isiyopigwa haina adabu," Kumikumi akajibu, akaipokea kwa mikono miwili na kwa moyo nusu.

Kazi ya kwanza iliyoingia katika mashine hiyo ilikuwa nzito kuliko zote alizowahi kuzifanya. Bibi Mkunga, aliyestaafu baada ya kupokea watoto wa mitaa mizima, Kumikumi akiwa mmojawapo, alikuwa na uvimbe kooni. Daktari alikuwa amepanga kumpasua siku ya Jumatatu, na hakumficha: huenda sauti isirudi. Basi Bibi akaamua kuacha aliyoyajua kabla koo halijafungwa. Kila asubuhi, kwa wiki tatu, aliketi kwenye kiti cha wateja akasema, naye Kumikumi akachapa: namna ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, namna ya kumtuliza mama anayepiga mayowe, mambo ambayo wakunga wachanga hawatayasikia darasani. Mkono wa Bibi ulitetemeka, hivyo hakukuwa na daftari, wala hakutaka kurekodiwa. Kila neno lilitoka kooni likaingia kwenye mashine. Zikawa sura ishirini na moja.

Muda wote huo Kumikumi alilalamika kama mkwe aliyelazwa sebuleni. Mara herufi zimepangwa upande siko, mara mashine inajisemea yenyewe. Jumanne ya wiki ya mwisho, kijisanduku kilijitokeza kwenye kioo mara ya tatu kikisema kazi yake imehifadhiwa mtandaoni.

"Nani amekuuliza?" akafoka, akazima mtandao kabisa. Kijisanduku kikanyamaza, naye akaona ameshinda vita.

Ijumaa asubuhi Bibi alisimulia sura ya mwisho, sauti imekwaruza kama mlango wenye kutu. "Hii ndiyo sura ya makosa yangu," alisema. "Isikilize vizuri." Kumikumi alichapa asikosee hata nukta, lakini mawazo yake yalikuwa kwa printa. Mfumo mpya ulikuwa umekataa katakata kuitambua, na Bibi alitaka kitabu kizima kwenye karatasi, akipitie wikiendi kabla ya kisu cha daktari.

Bibi alipoondoka, Kumikumi akampigia bintiye simu.

"Kesho ndiyo zamu yangu ya kupumzika, Baba. Nitakuja na printa ya kwangu. Usiguse kitu."

"Sigusi," Kumikumi akasema, huku mkono mwingine ukifungua droo. Ndani yake, ndani ya soksi safi, alitunza sidii yenye mfumo wake wa zamani, ule wa miaka kumi na minne. Printa na mfumo huo vilikuwa vimeoana tangu ujana. Akiurudisha mfumo wa zamani, printa itaitika, kitabu kitatoka leo hii, na binti atakuja kesho akute mambo yamekwisha. Akaigeuza kompyuta mpakato mbele na nyuma, juu na chini, kama mtu anayetafuta mdomo wa kobe. Haikuwa na pa kuingizia sidii.

Akaenda kwa Fundi Simu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Kaka, unataka kuirudisha laptopu mpya utotoni?" Fundi Simu akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. "Watu wanakimbilia mbele, wewe unatafuta gia ya nyuma!"

"Wewe nihamishie tu kwenye flashi. Kejeli nitalipia baadaye."

Fundi Simu akahamisha, akaongeza vijiprogramu viwili vitatu vya kuufundisha mfumo huo mkongwe kuongea na mashine changa. Alipomkabidhi flashi, kicheko kilikuwa kimekwisha. "Nisikilize. Humu nimekuwekea vya kukufikisha mlangoni tu. Ukishaingia ndani, mashine inaweza ikasahau viungo vyake vyote, kuanzia kipanya hadi printa. Na kazi zako zitoe kwanza, uziweke pembeni."

"Mimi nimepiga mifumo hii wewe ukiwa chekechea," Kumikumi akamjibu. "Kazi zina chumba chake."

Hapo ndipo ujinga ulipokaa, na ni ujinga ambao mgeni wa kompyuta asingeweza kuufanya, ulihitaji mzoefu. Katika mashine yake ya zamani, diski ilikuwa imegawanywa vyumba viwili: cha kwanza cha mfumo, cha pili cha kazi. Mara tano alikuwa ameufuta mfumo ulipougua na kuupiga upya, na mara zote tano alivikuta vitu vyake chumba cha pili, salama salimini. Kwake hilo halikuwa jambo la mashine ile tu; lilikuwa sheria ya dunia, kama jua kutoka mashariki.

Akafunga mlango nusu, akachomeka flashi. Kioo kikawa cheusi, kisha maandishi aliyoyajua yakatokea, naye akatabasamu kama aliyekutana na rafiki wa shuleni. Pedi ya kugusa haikufanya kazi. Hakujali, akatumia vitufe vya mishale. Kisha mfumo ukasema hauwezi kukaa kwenye diski ile jinsi ilivyopangwa. Ukamwonyesha orodha ya vyumba: vinne! Vitatu vidogo kama vibweta, kimoja kikubwa kama ghala.

"Vinne!" akanong'ona. "Hata nyumba yangu haina vinne."

Akapiga hesabu yake. Mfumo mpya ni mnene, una makelele mengi, kwa hiyo lazima ndio uliokalia ghala. Kazi ya Bibi ni maneno matupu, haijazi hata kibweta. Akafuta ghala. Mfumo bado ukakataa. Akafuta kibweta kimoja, ukakataa. Akafuta cha pili, akijiambia kazi bila shaka iko kwenye cha tatu. Kisha mfumo ukataka kuipanga diski yote upya; mashine ikamuuliza mara mbili kama ana hakika, naye mara mbili akaihakikishia.

Baada ya muda wa chai na maandazi mawili, kioo kiliwaka kwa rangi yake ileile ya zamani, na wimbo wake uleule mfupi ukalia. Kumikumi akapiga kofi, safari hii la furaha. "Karibu nyumbani!"

Furaha haikumaliza dakika. Mshale ulisimama katikati ya kioo kama uliopigiliwa msumari. Herufi zilikuwa kubwa kama za ubao wa matangazo. Alichomeka kipanya, hakikuwaka. Akachomeka waya wa printa, kimya. Flashi yenyewe iliyomleta mpaka hapo sasa mashine haikuijua. Kila tundu la pembeni lilikuwa limekufa.

Akainamia kibodi, akapapasa kwa mishale hadi kwenye orodha ya vyumba, akitafuta cha pili.

Kulikuwa na kimoja. Zaidi ya mfumo, kilikuwa kitupu.

Akafunga orodha, akaifungua tena. Kimoja. Kitupu. Vile vidole kumi, vilivyokuwa havijawahi kusimama, vikasimama juu ya kibodi kama vijiti. Alitaka kupiga ukelele, sauti ikakwama. Na kukwama huko kukamkumbusha koo la nani lingepasuliwa Jumatatu.

Hajui alivyompigia bintiye. Binti naye hakumbuki vizuri alichosikia, isipokuwa maneno matatu: "Mama, nimeua kitabu." Akaomba ruhusa kazini, akafika akihema, sare ya hospitali bado mwilini, mkoba wa kompyuta yake begani. Akatazama kioo, akamtazama baba yake, akashika tama.

"Baba. Nilisema nini?"

"Ulisema nisiguse."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Niligusa vyumba vyote."

Kabla binti hajajibu, mlango ukasukumwa. Alikuwa Bibi Mkunga, fimbo mkononi. "Nimekumbuka sentensi moja ya kuongeza kwenye ile sura ya mwisho," alisema kwa sauti iliyokuwa nusu mnong'ono. Kisha akawaona. Mwanamke aliyeingia vyumba elfu vya uzazi hahitaji kuambiwa kwamba kuna jambo limeharibika. "Nani amekufa?"

Kumikumi alipiga magoti. Akamweleza yote, kuanzia soksi hadi ghala. Bibi hakulia wala hakufoka. Alikaa tu kwenye kiti cha wateja, polepole, mkono ukaenda kooni ukabaki pale. Mkono huo ulimchoma Kumikumi kuliko matusi yoyote ambayo angeyasikia.

"Ngojeni," binti akasema ghafla. Alikuwa ametoa simu yake, anatelezesha kidole. "Mashine ilikuwa inahifadhi nakala mtandaoni yenyewe. Mimi ndiye niliyeiwekea hivyo." Akahesabu kwa midomo. "Kumi na sita... kumi na saba... kumi na nane. Zipo! Bibi, zipo!"

Kumikumi akaruka. Lakini kidole cha binti kilikuwa kimesimama. "Za kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja hazipo. Toka Jumanne hakuna kitu. Baba, Jumanne kulitokea nini?"

Kumikumi akakumbuka kijisanduku. Akakumbuka alivyokishinda. Akainamisha kichwa. "Niliizima. Ilikuwa inanipigia kelele."

"Ilikuwa inakuambia kazi yako iko salama!"

Bibi akajaribu koo lake, akakohoa, akajaribu tena. "Daktari amenipa ruhusa ya maneno machache tu," akanong'ona. "Sura tatu siziwezi. Mbili za kwanza zimekwenda, acha ziende. Ya mwisho nitaisema tena, hata ikiwa ndiyo ya mwisho kutoka humu." Akagusa koo. "Mtoto, fungua kompyuta yako."

Binti akafungua mkoba, akatoa yake, mpya vilevile, akaiweka mbele ya baba yake. Na hapo, badala ya kushukuru na kunyamaza, ule uzoefu wa miaka kumi na minne ukamwasha ulimi.

"Lakini Bibi, tuwe wakweli," akaanza. "Kosa si langu peke yangu. Mashine gani hii isiyo na chumba cha pili? Mfumo wangu wa zamani usingenifanyia hivi. Mashine ndiyo isiyofaa. Ningepata tu vile vijiprogramu vya..."

Fimbo ikagonga sakafu mara moja.

"Nilikupokea mimi," Bibi akasema. "Ulikuja ukitanguliza miguu, na mpaka leo dunia unaiingia kinyumenyume. Asubuhi nilikueleza kosa langu kubwa. Kililetwa chombo kipya cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Nikakiweka kabatini, nikasema sikio langu linatosha. Siku moja halikutosha, na mama yule nakutana naye mpaka leo. Sura yote hiyo uliichapa kwa vidole kumi, na sikio hata moja hukulileta."

Kumikumi akaivuta kompyuta ya bintiye karibu. Bintiye akageukia dirishani.

"Sasa weka vidole," Bibi akasema, "na usinijibu, maana sina sauti ya kubishana na wewe na kusimulia pia. Andika kichwa cha sura, kwa herufi kubwa, hata wewe ukisome: Mzoea punda hapandi farasi."